Mwalimu, fonti yako inakuja na meli ya Jumamosi

Kirumba, Mwanza

Mpendwa Mwalimu,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, joto tu ndilo linatutesa. Ujumbe wako niliupata. Unasema kila ukikuza maandishi kwenye Kindle, kile kifaa chako cha kusomea vitabu, unabakiwa na maneno machache kwa ukurasa, kidole kinachoka kugeuza, na macho bado yanauma. Mimi nadhani unatibu ugonjwa usiokuwepo. Maandishi yako si madogo, ni membamba. Basi nimekutengenezea fonti nyingine, yaani umbo jingine la herufi.

Kioo cha kifaa kile si kama cha simu. Ndani yake mna chembe nyeusi na nyeupe zinazosukumwa kwa umeme, nyingine juu, nyingine chini, na hiyo nyeupe yake ukiitazama vizuri ni kijivu cha karatasi ya gazeti. Sasa mstari mwembamba wa herufi, kama ule unaounganisha miguu ya n, usipoijaza nukta nzima ya kioo, kifaa huupaka kijivu badala ya weusi. Kijivu juu ya kijivu, jicho litashika nini?

Ndiyo maana nilichagua Charis SIL, fonti ya shirika la SIL, niirekebishe. Asili yake ni Charter, fonti aliyoichora Matthew Carter mwaka 1987 akifikiria printa za siku zile, zenye nukta 300 kwa inchi. Vifaa vizuri vya kusomea vya leo navyo vina nukta 300 hizo hizo! Kwa hiyo tangu mwanzo herufi zake zina mifupa.

Nimeifungua kwa FontForge, programu ya bure, nikaongeza unene kidogo. Kidogo kweli, maana ukizidisha, matundu ya a na e yanaziba, na Kiswahili bila a hakiendi. Soma tu "watakapowakaribisha" uone. Hiyo a nimeipanua tumbo kwa mkono, katika sura zote nne: ya kawaida, ya mlazo, nzito, na nzito ya mlazo. Hapo ndipo muda wangu mwingi ulipoishia, wala sijutii.

Nafasi kati ya mistari nayo nimeipunguza. Charis imeandaliwa kubeba lugha nyingi, zikiwemo zile kama Kivietnamu ambazo irabu moja inaweza kubeba alama mbili zilizopandana, kwa hiyo imeachiwa paa refu. Sisi hatuna alama hizo. Nimelishusha paa, nawe utapata mistari zaidi kwa ukurasa bila kupunguza ukubwa wa herufi.

Halafu ng'. Hili lilikuwa linanikera kuliko yote. Ritifaa, kile kialama cha juu baada ya ng, ilikaa mbali, ng'ombe na kung'ata vikaonekana kama maneno mawili mawili. Ningeweza kuandika kanuni za kusogeza herufi jozi kwa jozi, lakini vipo vifaa visivyozifuata, basi nimepunguza nafasi tupu iliyo ubavuni mwa ritifaa yenyewe. Hiyo hakuna kifaa kitakachoikataa.

Usishangae kuiona inaitwa Sato. Leseni yake, ile ya SIL ya fonti huria, toleo 1.1 la mwaka 2007, inaruhusu kubadilisha na kugawa, ila majina "Charis" na "SIL" yamehifadhiwa: ukishaigusa, uipe jina lako. Na si jina la faili tu, ni lile lililoandikwa ndani, ambalo kifaa hulionyesha. Nimeiita Sato kwa sababu si nyembamba kama dagaa wala haijanenepa kama sangara.

Kuhusu yule jirani yako wa steshenari anayetaka kuiuza: mwambie hapana. Fonti yenyewe peke yake haiuzwi. Agawe bure, na faili la leseni liambatane nayo. Akitaka kuibadilisha tena, ruksa, ila leseni ibaki hiyo hiyo. Lakini mitihani ya majaribio utakayoichapa kwa fonti hii ni mali yako, uza utakavyo. Leseni haigusi kilichoandikwa.

Flashi anayo mwanao, anapanda meli Jumamosi. Unganisha Kindle na kompyuta kwa waya, ingia folda iitwayo "fonts", nakili mafaili yote manne, chomoa. Kisha fungua kitabu, bonyeza Aa, Sato utaikuta kwenye orodha. Anza na ukubwa uliokuwa ukiutumia zamani, kabla hujaanza kukuza. Usiku soma sura nzima, mchana usome nyingine, ndipo uniambie. Ukiona imezidi weusi nitaipunguza, si kazi kubwa.

Na miwani usiache kuipima. Fonti si daktari. Ukivuka mwezi ujao nitakupeleka hospitali ya Bugando.

Mama watoto anakusalimu, na anauliza dagaa wa Ukerewe mbona hawaji siku hizi.

Wako,
Jirani yako wa zamani