Watatu garini, kura mbili

Mhariri,

Nakuandikia kutoka Galway, magharibi mwa Ayalandi, leo Ijumaa tarehe 25 Mei 2018. Tangu alfajiri simu yangu haijatulia. Ndugu na jamaa huko Kenya wananitumia ujumbe, wengine wa maombi, wengine wa kukemea, na karibu wote wanauliza kama ni kweli huku watu wamepanga foleni kupigia kura "kuua watoto". Naomba nafasi gazetini mwako niwajibu kwa pamoja.

Mwaka 1983 Waayalandi walipiga kura wakaingiza katika katiba yao kifungu kinachoitwa Marekebisho ya Nane. Kinasema mtoto aliye tumboni ana haki ya kuishi sawa na mama yake. Asilimia 67 hivi walikubali. Leo tunaulizwa kama kifungu hicho kiondoke, Bunge lipate kutunga sheria ya utoaji mimba. Serikali imekwisha kusema kwamba kura ya ndiyo ikishinda italeta muswada wa kuruhusu hadi wiki 12. Lakini karatasi ya kura yenyewe haina neno mimba hata mahali pamoja. Inauliza tu kama unakubali katiba irekebishwe kwa Muswada wa Marekebisho ya Thelathini na Sita, na chini yake kuna visanduku viwili: Tá na Níl, yaani ndiyo na hapana.

Mbele yangu kwenye foleni alikuwa bibi mmoja mwenye mkongojo, amemshika binti yake mkono. Akamwambia, "Ndiyo yangu ya mwaka ule ndiyo iliyokiweka. Leo nikisema ndiyo nakifuta." Aliingia kibandani akakaa muda mrefu, penseli iliyofungwa kwa kamba ikigonga ubao, na hakuna aliyemharakisha.

Tulikwenda kituoni watatu katika gari moja. Mimi nimepata uraia mwaka jana, na hii ni kura yangu ya kwanza hapa. Rafiki yangu wa Nigeria, tunayesali naye kanisa moja, ni raia wa siku nyingi. Wa tatu ni msichana anayekaa kwenye makazi ya waomba hifadhi. Tulikuwa tumpitishe sokoni baadaye. Redio ilikuwa ikipiga muziki mtupu. Tangu jana saa nane mchana redio na televisheni haziruhusiwi kujadili kura hii hadi vituo vifungwe saa nne usiku, kwa hiyo mjadala umehamia majikoni na ndani ya magari kama letu.

Rafiki yangu alikuwa anapiga hapana, na hakuficha. Aliwahi kupoteza mimba ya miezi mitano. Walimpa jina, wakamzika. "Usiniambie hakuwa mtoto," alisema, na mimi sikumwambia hivyo, wala sitamwambia kamwe. Nilimkumbusha Savita Halappanavar, daktari wa meno kutoka India, mgeni kama sisi, aliyefia katika mji huu huu tarehe 28 Oktoba 2012. Alikuwa na miaka 31, mimba ya wiki 17 ikiharibika. Aliomba itolewe, akakataliwa kwa kuwa moyo wa mtoto ulikuwa bado unapiga. Mtoto hakupona, na mama akafa kwa sumu ya damu. Rafiki yangu alinyamaza, kisha akasema yale yalikuwa makosa ya madaktari. Tungeendelea hivyo hadi kituoni.

Sauti ikatoka kiti cha nyuma: "Nyinyi mnagombana na pasipoti mnazo."

Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kifungu hiki hakijazuia Waayalandi kutoa mimba. Mwaka 1992 wapiga kura wenyewe walikubali kwamba mwanamke asizuiwe kusafiri kwenda kuitoa nchi nyingine. Mwaka 2016 wanawake 3,265 waliotoa anwani za Ayalandi walitolewa mimba Uingereza na Wales. Ndege ya asubuhi, kurudi jioni au kesho yake, na majirani hawajui. Asiye na hati je? Mwomba hifadhi hapati kuvuka bahari bila karatasi ya kumruhusu kutoka na kurudi, bila viza ya Uingereza, na posho yake ni yuro 21.60 kwa wiki. Mwaka 2014 msichana mmoja wa hali hiyo, aliyebakwa kabla hajafika hapa, alijaribu kuvuka akarudishwa. Akagoma kula. Mwishowe mtoto alitolewa kwa upasuaji, mimba ikiwa ya wiki 25 hivi. Ukiniuliza kifungu kile kimemfunga nani, nitakujibu kimemfunga yule msichana.

Na Wakenya tusijidanganye kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Tarehe 4 Agosti 2010 nilipiga kura ya katiba yetu, kijani ya ndiyo na nyekundu ya hapana, na kanisani kwetu tulihubiriwa kuikataa kwa sababu ya Ibara ya 26. Tukaipitisha. Ibara hiyo inakataza utoaji mimba, isipokuwa mtaalamu wa afya aone haja ya matibabu ya dharura au uhai au afya ya mama kuwa hatarini, au sheria nyingine iruhusu. Makosa yaliyoandikwa katika Kanuni ya Adhabu tangu enzi za mkoloni yakabaki vile vile. Mwenye fedha Nairobi anajua daktari wa kumpigia simu. Binti wa jirani yetu hakumjua yeyote. Alikuwa kidato cha tatu. Tuliambiwa ni malaria, na mama yangu ndiye aliyefua zile shuka, usiku, nyuma ya nyumba, maji akiyamwaga migombani. Mpaka leo hatujawahi kulizungumza nyumbani kwetu, na leo Mama amenitumia ujumbe akiniomba nipige hapana.

Mama, nimepiga ndiyo. Najua utalisoma hili gazetini, na nimeona afadhali ulisome hapa kuliko nikudanganye kwa simu.

Rafiki yangu alipiga hapana, tukatoka pamoja, akaniegemea kidogo tukishuka ngazi. Tulimkuta mwenzetu amehamia kiti cha mbele na kuteremsha kioo. Aliuliza kama foleni ilikuwa ndefu. Kisha akauliza kama wanakuruhusu kutoka na ile penseli.

Mama wa wawili,
Galway, Ayalandi