Shangazi, mavyaa kasema nina jini na mume wangu kanyamaza

Shikamoo shangazi,

Alfajiri haijaadhiniwa na mimi sijalala. Usishangae mwandiko ukikaa ovyo, naandika nimesimama, maana nikikaa tu miguu inaanza.

Ya miguu nimeshayazoea. Lililonichoma ni mume wangu. Mavyaa alitamka kwenye hitima, mbele za watu, kwamba nina jini lisilotaka kusikia Qur'ani. Mume wangu alikuwa pale mlangoni, kabeba sinia la pilau. Akanyamaza.

Nilikuwa nanyanyuka mkekani, sikatai. Ikishapita magharibi nikitulia tu, ndani ya miundi panatambaa kama siafu, mpaka nitembee. Nikitembea inaacha. Jini gani huyo anayetulizwa kwa kuzunguka ua? Asubuhi nakuwa mzima, nakaanga maandazi yangu ya biashara, ndiyo wifi anapata la kusema, eti najisingizia. Mimi si mvivu, Ngamiani wananijua.

Hospitali nimekwenda. Daktari akasema ugonjwa huu upo, wa miguu isiyotulia. Damu yangu inatosha, ila chuma cha akiba, wanaita ferritini, ilikuwa 18, na kwa ugonjwa huu wanataka ipite 75. Hedhi yangu nzito, chuma kinaondoka nayo. Kanipa vidonge, nivinywe na juisi ya machungwa, chai ikae mbali navyo. Piritoni nazo kanikataza, zile alizonipa muuza dawa nipate usingizi, kumbe zinaichochea miguu. Akasema chuma hupanda taratibu, nivumilie miezi.

Nani wa kunivumilia hiyo miezi? Mume kahamishia godoro sebuleni, eti nampiga mateke na chandarua nakichomoa. Sawa, napiga, lakini si nimelala?

Cheti cha daktari nilimwonyesha. Akakisoma, akakikunja, akakisukuma chini ya redio. Hakusema neno, vilevile kama siku ile mlangoni. Angesema hata "mama, basi"! Maneno mawili tu.

Sitaki arudi chumbani, akae hukohuko. Ila nikiwa uani usiku nikasikia komeo linavutwa, moyo unaruka, nadhani kaja kuniangalia. Huwa anakwenda chooni.

Sasa Alhamisi kuna mganga anakuja kunipunga. Mbuzi kashafungwa mwembeni, na hela katoa mume wangu, si mavyaa. Mama yangu yuko Pangani, anasema nifunge mizigo. Jirani anasema nikae hiyo ngoma usiku mmoja nyumba ipoe, vidonge si naendelea navyo? Lakini nikikaa si nitakuwa nimekiri mwenyewe? Halafu, shangazi, ngoma ni usiku kucha, chini, mkekani. Nikinyanyuka tu watapiga vigelegele, kapanda.

Nifanyeje?

Mpwa wako, Tanga