Elfu themanini kwa mistari miwili?

Mteja wetu mmoja wa Chumbageni, hapa Tanga, analalamika tumemla. Alikuwa akihamisha faili za ofisi kwenda seva mpya, kazi ikagoma usiku, skrini imejaa "Permission denied", yaani huna ruhusa. Tukaenda, tukachunguza kama saa mbili, tukaandika mistari miwili, kazi ikaendelea. Bili elfu themanini. "Fundi, mistari miwili tu?" Si wa kwanza kutuuliza, basi tujibu.

Seva yao ni ya NFS, njia ya kompyuta nyingi kutumia folda za seva moja kupitia mtandao. Seva ya NFS, ikiwekwa kwa kawaida yake, haiangalii jina lako. Inaangalia namba. Kwenye Linux nyingi mtumiaji wa kwanza hupewa 1000, anayefuata 1001; kwenye Mac wanaanzia 501. Kwa hiyo dada wa mapokezi anaweza kuwa 1001 kwenye kompyuta yake, kumbe kwenye seva 1001 ni mhasibu. Folda zilizo wazi kwa wote zinapita bila neno. Ndiyo maana unaona kazi inakwenda vizuri tangu jioni, halafu usiku wa manane inagoma: imefika kwenye folda ya kwanza iliyofungwa.

Hapo watu hukimbilia sudo, amri ya kufanya kazi kama root, yaani mkuu wa kompyuta, wakidhani root hazuiliwi na mtu. Kwenye NFS ndiye wa kwanza kuzuiliwa. Root akitoka kompyuta nyingine, seva humgeuza kuwa mtu asiye na cheo, mara nyingi namba 65534, na faili ulizokuwa unazifungua kwa akaunti yako mwenyewe huzifungui tena. Ukikopi kwa amri ya rsync -a ndiyo kabisa, maana hiyo hutaka pia kuirudisha kila faili kwa mwenyewe. Seva inakataa, "Operation not permitted" (hairuhusiwi) zinashuka mstari kwa mstari. Mara nyingi faili yenyewe imeshafika, kilichogoma ni umiliki tu. Lakini mtu akiona vile anafuta vyote na kuanza upya, na umeme wetu mnaujua.

Halafu kuna ile dawa ya mtandaoni: chmod -R 777. Fungulia kila mtu kila kitu. Inafanya kazi, na ubaya wake uko hapo hapo.

Studio moja ya video za harusi, Ngamiani, waliipiga juu ya /home nzima ya seva yao, folda yenye faili za watumiaji wote. Kukopi kukapita, wakafurahi, hatukuitwa. Sasa, nakala zao za akiba zilikuwa zikienda kila usiku kwenye mashine ya pili kwa SSH, njia salama ya kuingia kompyuta nyingine kwa faili ya ufunguo badala ya nywila. SSH ikikuta faili ya ufunguo wa siri inasomeka na kila mtu, haiutumii ufunguo huo. Onyo linaandikwa kwenye logi, daftari la matukio la kompyuta, na logi hakuna aliyekuwa akiisoma. Diski ilipokufa ndipo wakatuita. Nakala ya mwisho ilikuwa ya kabla ya mfungo. Harusi zote za baada ya Idi, hakuna. Kuokoa diski kuliwatoka pesa nyingi kuliko bei yetu, na kilichopatikana hakikufika nusu. Kuna bwana harusi mpaka leo akipita pale dukani kwao anaulizia video yake.

Na 777 hairudishwi nyuma. Hakuna mahali panapoandikwa ruhusa za zamani zilikuwaje.

Zile saa mbili za Chumbageni zilikwenda kwenye id na ls -ln, amri za kuonyesha namba za watumiaji na za wenye faili, seva na kompyuta ya mteja, namba kwa namba, kisha /etc/exports, faili inayosema seva inagawa folda zipi na kwa nani, kisha majaribio ya folda ndogo kwa akaunti ya mtumiaji mwenyewe. Mistari miwili ilikuwa ya kumbadilishia namba na kumkabidhi faili zake. Tungeweza kuandika 777 dakika ya kwanza tukaondoka na pesa ile ile.

Wakati mwingine namba zote ziko sawa. Ofisi moja karibu na bandari, mhasibu anafungua folda hii, ile inamkatalia. Alikuwa kwenye makundi ya watumiaji (ruhusa za folda hutolewa pia kwa kundi) zaidi ya 16, na kwa utaratibu wa kawaida ombi la NFS hubeba makundi 16 tu. Tukaiambia seva imtafutie makundi yake yenyewe. Mstari mmoja huo, na ulitula mchana mzima.

Ikikugomea, usifute kitu wala usiongeze sudo. Panda juu kwenye skrini, piga picha kosa la kwanza kabisa, si la mwisho, ututumie. Picha ikitosha kutuonyesha tatizo, uchunguzi tunauhesabu elfu hamsini. Ukishapiga 777, bei ni nyingine.