Vilengeo vya bastola ya kujilinda

Ndugu Mhariri,

Sisi tunaomiliki bastola kihalali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 tunahimizana mno kununua vilengeo vya nukta nyekundu, yaani vioo vidogo vya betri vinavyofungwa juu ya bastola na kuonyesha nukta ya kulengea, ilhali asiyekizoea chombo hicho huitafuta nukta kiooni wakati hatari imeshamfikia. Wenye macho yaliyochoka kwa umri nawaelewa wakivinunua. Wengine wenye mazoezi haba, vilengeo vya kawaida vya chuma, cha mbele na cha nyuma, vinawatosha, cha mbele kikipakwa rangi ang'avu. Vya tritiamu, gesi yenye mionzi hafifu, hung'aa gizani bila betri, ingawa mwanga wake hupungua kwa nusu kila miaka 12 hivi, lakini havikuonyeshi ni nani aliyesimama mlangoni, ambaye huenda ni mwanao, na ndiyo maana tochi naitanguliza.

Mmiliki wa silaha,
Morogoro