Amevamia au amemega?

Mikindani, Mtwara

Rafiki yangu mpendwa,

Barua yako imenifikia salama, na swali lako halijanitoka kichwani tangu jana: katika madai unayomwandikia mama, useme jirani "amevamia" shamba au "amelimega"? Mimi ningeandika amelimega.

Kuvamia ni kuja kwa kishindo, na mwenye mali hujua siku hiyo hiyo kwamba ameingiliwa. Jirani yenu, kwa maelezo yako, kila msimu wa palizi alisogeza jembe hatua moja kupita mstari wa mikonge, hadi mikorosho miwili ya mama ikawa upande wake. Matangazo ya serikali huliita hata jambo kama hili "uvamizi", nami naona neno hilo linaficha muda, ambao ndio kiini cha hila yenyewe. Maana sheria imeyawekea madai ya ardhi ukomo wa miaka 12, na anayepunjwa kidogo kidogo huchelewa kutambua kwamba amepunjwa.

Kumega kumetoka kwenye sinia. Ugali tunaumega kwa vidole, tonge baada ya tonge, kila mmoja upande wake, na tangu utotoni tulifundishwa kula mbele yetu. Anayepeleka mkono mbele ya mwenzake hachukui chakula chote, huchukua tonge moja tu, lakini wote waliokaa hapo wameona. Nadhani ndiyo sababu neno hili, likihamishiwa kwenye mpaka wa shamba, huuma kuliko uvamizi: mvamizi aweza kuwa mgeni, bali anayekumega ni mtu mliyekaa naye jirani.

Usilichanganye na kunyemelea, kwa kuwa anayenyemelea bado hajapata kitu. Kujipenyeza nako hutaka mahali pa kuingia, ilhali kumega hutaka kitu kizima kinachopungua. Hata bahari humega: magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalipowekwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, kuanzia 2004 hadi 2014, mawimbi yaliyokuwa yakila ufuko yalikuwa sehemu ya hatari hiyo. Wengi husema mmomonyoko, na si kosa. Ila mmomonyoko hutaja udongo unaoporomoka, na kumega humtaja anayeuchukua.

Lakini kumega peke yake si shutuma. Wilaya ya Nanyumbu ilimegwa kutoka Masasi, nasi husema hivyo bila kumlaumu mtu. Kwa hiyo andika kwamba amelimega shamba "kidogo kidogo, bila ridhaa ya mwenyewe", kisha utaje misimu na uihesabu mikorosho. Muulize mama mikonge ile ilipandwa mwaka gani na nani alikuwepo, halafu uniletee nakala niisome kabla hujaipeleka barazani.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.