YAH: MALALAMIKO KUHUSU KIYOYOZI MLICHONIFUNGIA KWENYE PIKAPU YA DIZELI

Kwa Meneja wa Karakana,

Ndugu Meneja,

Nalalamikia seti ya kiyoyozi mliyoniuzia na kunifungia kwenye pikapu yangu ya zamani, ambayo ilitoka kiwandani bila kiyoyozi. Kabla sijalipa niliwapa namba ya injini na ya chesisi, nanyi mkanithibitishia kwa maandishi kwamba seti ni kamili na ni ya injini hiyohiyo. Sivyo ilivyo. Mmechukua mfumo wa gari la petroli mkaupachika kwenye dizeli.

Kompresa, yaani pampu ya kusukuma gesi ya kiyoyozi inayozungushwa na injini, ikishika, mzunguko wa injini unashuka. Ndiyo maana huwekwa kifaa cha kuvuta kidogo mkono wa pampu ya dizeli ili mzunguko uongezeke. Kifaa hicho mlikileta, lakini kinaendeshwa na vakyumu (nguvu ya kufyonza hewa), na mpira wake mmeuchomeka kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Kwenye petroli ingefaa, kwa kuwa kuna klapeti inayobana hewa. Injini yangu haina klapeti. Hewa inaingia wazi, kwa hiyo kifaa hakivuti chochote. Vakyumu ya gari hili inatoka kwenye pampu iliyo nyuma ya alternata, ileile inayosaidia breki. Nikisimama kwenye foleni kiyoyozi kikiwa kimewashwa, gari linatetemeka hadi linazimika. Fundi wenu alinishauri niongeze sailensi, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, kwa skrubu. Siukubali ushauri huo, maana injini itanguruma juu muda wote hata kiyoyozi kikiwa kimezimwa.

Kinachoniuma zaidi ni jinsi gesi ilivyojazwa. Nilikuwepo. Kikausha gesi kilikaa mezani bila vifuniko wakati mafundi wakihangaika na bracketi ya kushikilia kompresa, kisha kikafungwa hivyohivyo, na gesi ya kupozea, R134a, ikaingizwa bila mfumo kuvutwa hewa kwa pampu ya vakyumu. Kikausha kilichoachwa wazi hunyonya unyevu wa hewani na hakifai tena. Sasa kiyoyozi kinapoza vizuri, halafu ghafla kinatoa hewa ya vuguvugu; nikikizima kwa muda, kinapoza tena. Dalili hiyo inaonyesha maji yanayoganda kwenye vali ya kupunguza presha. Barafu ikiyeyuka, gesi inapita. Maji hayohayo, yakichanganyika na gesi na oili, huzaa asidi inayokula kompresa kutoka ndani, kwa hiyo kila siku ninayosubiri majibu yenu ni hasara.

Swichi ya presha nayo haipo. Nimefuata waya nikakuta ncha mbili zimeunganishwa moja kwa moja. Swichi hiyo ndiyo inayokata kompresa presha ikizidi au gesi ikivuja. Kuiruka ni hatari, na sielewi karakana yenye mafundi wazoefu iliruhusuje gari litoke hivyo. Puli ya kompresa pia haijalingana na ya injini, mkanda unalia na kuchanika pembeni, na umeme wa klachi ya kompresa umechukuliwa kwenye waya wa taa bila rilei (swichi ya umeme ya kubeba mzigo mkubwa).

Naomba mfanye yafuatayo kwa gharama zenu: bracketi ya injini hii, kikausha kipya, swichi ya presha, rilei na fyuzi yake. Kifaa cha kupandisha mzunguko kipewe tawi kutoka pampu ya alternata, lenye vali ya kuzuia hewa kurudi ili breki zisidhoofike. Gesi ya sasa ikusanywe kwa mashine, isiachiwe hewani. Mfumo uvutwe hewa, upimwe kama unavuja, ndipo gesi mpya ijazwe kwa kupimwa uzito. Nataka kushuhudia kazi hiyo.

Kama hamwezi, ondoeni kila mlichofunga, mzibe matundu mliyotoboa kwenye bodi, na mnirudishie fedha zangu zote. Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, uthibitisho wenu na picha za waya, puli na mkanda.

Wenu,
Mteja, mwenye pikapu