Ameniita mfanyabiashara mdogo

Anti, pole na majukumu. Nakuita Anti kama wanavyokuita wengine, ingawa huenda nimekuzidi umri, mimi ni mama wa miaka 47. Sasa hivi ni saa tisa na nusu usiku, umeme umekatika tangu saa saba, lakini hata ungekuwepo nisingelala. Tangu Jumapili nimepata usingizi usiku mmoja tu, na huo ni kwa sababu nilimeza dawa ya mafua.

Ni huyu binti yangu mkubwa. Unawajua hawa watoto wanaomaliza kidato cha sita na kufaulu. Ana divisheni wani ya pointi 6, HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza, karudi JKT, jeshi la kujenga taifa, mweusi, mwembamba, maneno mengi. Mimi nilijua sasa ni sheria pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aombe mkopo wa bodi kama wenzake, mwisho wa wiki anakuja nyumbani kula. Dirisha la vyuo vya hapa likafunguliwa, likafungwa, yeye kimya. Kumbe anataka kwenda nje kusoma Asia. Si udaktari huko Asia, si biashara. Asia yenyewe: lugha zao, historia yao, wanavyoishi. Angekuwa wa sayansi angalau angejaribu ule ufadhili wa Mama Samia, lakini yeye na fizikia waliachana kidato cha pili.

Nilimuuliza swali moja tu na mpaka leo sioni kosa lake. Kama unataka kusoma Asia, mbona unaomba London? Akacheka kile kicheko. Akasema kuna chuo kinaitwa SOAS, tangu 1916 kazi yao ni mambo ya Asia na Afrika, na ukisoma digrii ya Kichina, katika miaka minne mmoja unakwenda kuukaa hukohuko. Halafu kuna Leiden, Uholanzi, chuo cha tangu 1575, eti walikuwa na profesa wa Kichina na Kijapani mwaka 1855. Mwaka 1855 Anti hapa tulipo palikuwa Mzizima, watu wanavua samaki. Nikasema sawa. Sikubisha. Watu wanaosema nilibisha hawakuwepo.

Sasa turudi Jumapili. Ameacha karatasi mezani, ameenda kwa mwenzake Segerea. Sikuwa napekua, nilikuwa napanga meza. Karatasi ina Kiingereza mwanzo mpaka mwisho, nami Kiingereza changu ni cha kwenye lebo. Lakini jicho likaangukia neno moja. Smoli. Nauza smoli, midiamu na laji tangu huyu mtoto hajaota meno, siwezi kukosea neno hilo. Nikaona pembeni yake kuna "mama". Moyo ukashtuka. Nikaichukua nikampelekea mwalimu aliyepanga chumba cha uani, nikamwambia mwalimu nisomee hapa.

Akasoma. "Mama yangu ni mfanyabiashara mdogo."

Nikamwambia endelea. Akasema mama, kuhusu wewe ni hapo tu. Ile karatasi ndiyo maelezo yanayokwenda vyuoni, unajibu maswali matatu, kwa nini unataka kusoma hiki na umejiandaaje, na kwa jumla unaruhusiwa herufi 4,000. Elfu nne, Anti. Na zinakwenda vyuo vyote vitano alivyochagua. Vyuo vitano vya Uingereza vitajua kwamba mimi ni mdogo.

Nani kapewa nafasi? Babu yake. Mzaa baba. Aya nzima, kwamba babu yake alifanya kibarua kwenye reli ya TAZARA, ile iliyojengwa kuanzia 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860 kutoka hapa Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, akafanya kazi bega kwa bega na Wachina, ndipo yeye mjukuu alipoanza kuipenda Asia. Sina ugomvi na mzee, mzee ni mzuri. Ila alibeba kokoto miezi minane kisha akarudi shamba. Na upande ule hata daftari la mistari hawajawahi kulinunua. Unayajua mambo ya baba yake, sina haja ya kuyaeleza.

Mimi nimekwenda China safari sita. Ya kwanza 2012, yeye anaanza darasa la kwanza, nikamwacha kwa dada yangu akilia. Nilikuwa natandika turubai mtaa wa Kongo, palepale Kariakoo, nikacheza upatu, nikakopa, nikapanda ndege ya kupitia Addis Ababa sijui hata choo cha ndege kinafunguliwaje. Guangzhou, pale Xiaobei wanapokaa Waafrika, usiku wa kwanza nilikula wali mtupu maana sikujua kuagiza mboga. Mama mmoja Mchina wa dukani, mtu mzima kama mimi, ndiye aliyenifundisha kuhesabu. Sisi ukitaka sita unatumia mikono miwili. Wao mkono mmoja unatosha: gumba na kidole cha mwisho vinasimama, vya kati vitatu unavikunja. Nane ni gumba na cha shahada, kama mtoto anayecheza bastola. Siku ya kwanza kaninyooshea hivyo nikadhani ananifukuza, kumbe anauliza kama nachukua dazeni nane. Duoshao qian, bei gani. Tai gui le, ghali mno. Hilo la pili nalisema hata usingizini.

Nikirudi nilikuwa namfundisha huyuhuyu mtoto. Jioni nakaanga chapati, namuuliza unataka ngapi, ananyoosha gumba na kidole cha mwisho. Sita! Tunacheka mpaka jirani anauliza kuna nini. Halafu leo Asia imemwingia kwa babu na kokoto zake.

Labda unasema huyu mama ana wivu na mzee wa watu. Sina wivu. Na biashara yangu kweli si kubwa, nalijua hilo, kontena tunachangia wanawake wanne. Nina fremu moja Kariakoo, na kodi ya fremu Kariakoo unaijua. Lakini kuna mtu kujijua mdogo, na kuna mtoto uliyemlisha kwa hela hiyo kukuandika mdogo kwa watu asiowajua.

Nisije nikasahau mambo ya hela, maana hapo nataka ushauri pia. Ada ya London kwa mtu wa kutoka nje inazidi pauni 20,000 kwa mwaka. Nimepiga hesabu kwa kalkuleta ya dukani, ni zaidi ya milioni 60, bado chakula na kulala. Anasema ataomba ufadhili. Mwalimu wa uani anasema ufadhili wa Uingereza kwa digrii ya kwanza ni wa kutafuta kwa tochi. Na hata ukipata sehemu, kwenye viza wanataka hela inayobaki iwe imetulia akaunti siku 28 mfululizo. Anti, hela ya biashara haikai siku 28. Ikikaa siku 28 imekufa. Yangu muda huu iko baharini, imegeuka magauni.

Japani ndiyo ningeielewa. Serikali yao inalipa ada na tiketi, na yen 117,000 kila mwezi za kujikimu, maombi yanapita ubalozini hapahapa katikati ya mwaka. Miaka mitano, wa kwanza ni wa kusoma lugha tu. Nikamwambia basi si uende huko, angalau iko Asia kweli. Akasema kwenye mtihani wao kuna hesabu, hata kwa watu wa sanaa. Kidato cha tano na sita hakugusa hesabu. Nikasema kama ni Kichina, pale Mlimani kuna Taasisi ya Confucius, panda daladala uende ukaanze wakati unasubiri. Akanitazama tu, halafu akasema, "Mama, si lugha peke yake." Basi ni nini? Hakusema. Na mimi nina maneno yangu machache ya dukani, nilitegemea siku moja tungekaa tukayalinganisha.

Kwenye kikoba nimeshasema mwanangu anakwenda London. Nilisema kwa sauti, sikuficha, nilijisikia raha. Mmoja akanirukia, akasema mwezi wa saba mwaka 2025 serikali imekataza wageni biashara kibao, na za rejareja zimo, Wachina tunawaondoa Kariakoo, wewe mwanao anakwenda kuwasomea? Wakacheka. Nikamtetea mwanangu. Nikawaambia nyie mnavaa nini, mnapikia nini, simu mlizoshika zimetoka wapi, na katika sisi wote hapa nani anajua wale watu wanafikiri nini? Nilisema vizuri kuliko hata ile karatasi yake. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumapili ndiyo nikasoma.

Kwa hiyo usije ukaniandikia kwamba nampinga. Simpingi. Ila asiende. Au aende, lakini si kwa namna hii.

Kuna jambo jingine dogo. Pasipoti yake ilipotoka, shilingi 150,000 nililipa mimi, aliniletea mwenyewe akasema mama niwekee na ya kwako, mimi nitapoteza. Nikaiweka. Jumatatu, siku moja baada ya ile karatasi, akaniomba. Ana mtihani wa Kiingereza, IELTS, Jumamosi ya wiki ijayo, hela ya mtihani ameshalipa, ni akiba yake ya kufundisha tuisheni watoto wa mtaa, na siku ya mtihani anatakiwa aingie na pasipoti. Nikamwambia nimempa mjomba wako akatoe kopi.

Sikumpa mjomba. Iko dukani, nimeikunja ndani ya doti ya khanga ambayo haiuziki, rafu ya juu. Sikupanga, Anti. Mdomo ulisema wenyewe. Jumanne akauliza tena, nikasema mjomba kasafiri. Jana hakuuliza. Aliosha vyombo, akanisalimia shikamoo vizuri, akaingia kulala, na mimi ndiyo nikajua kwamba amejua. Au hajajua. Mjomba wake ana simu, si angempigia?

Kila siku nafungua duka naitazama ile khanga. Jana mteja akaiulizia, miaka miwili hakuna aliyeiulizia, nikamwambia hiyo si ya kuuza.

Mwalimu wa uani anasema maelezo yale bado hayajatumwa. Mwalimu wake wa shule lazima kwanza aandike maoni yake ndipo yaende, na mwisho wa kutuma ni Januari. Maana yake yanaweza kubadilishwa. Sitaki aniandikie aya nzima. Sitaki hata hilo neno "mdogo" aligeuze liwe "mkubwa", watu watacheka. Nilichofikiria usiku huu ni kumrudishia pasipoti yake, nimwambie ukweli ilipokuwa, na palepale nimwombe aongeze sentensi moja, ile ya vidole. Sasa nikifanya yote mawili kwa pamoja, si itakuwa namuuzia pasipoti yake mwenyewe? Na nikirudisha bila kusema, nitakaa na hilo neno mpaka lini? Atajua kwamba nilisoma karatasi yake. Atajua na mwalimu ameisoma.

Nianze na lipi, Anti? Tafadhali nijibu kabla ya hiyo Jumamosi, na usiandike kwamba ni Kariakoo, andika soko tu. Umeme umerudi, nasikia feni ya chumbani kwake imeanza.

Mama yake, Tabata